Nyumba Mbichi, Mayai Viza

8 Novemba 1953

Leo nimepanga mayai kwenye mashine, na mikono yangu inanuka mafuta ya taa mpaka ugali wa mchana umenishinda. Naanza kuandika leo ili mambo yakiharibika nijue yaliharibikia wapi.

Mashine ni ya marehemu mume wangu, Jilala. Aliinunua kwa mke wa mzungu mmoja wa mgodini aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Ni kabati la mbao lenye taa ubavuni, trei ya mayai juu, trei ya maji chini, na kipimajoto ndani ya kioo. Karatasi ya maelekezo imeliwa na mende, imebaki nusu. Jilala alisema tutaitumia siku atakapoacha ukarani. Machi akafa kwa ugonjwa wa kifua, na mimi na mtoto wetu Serafina tukaletwa hapa kijijini kwao, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka mgodi wa Geita, kwa watu wanaochota chumvi kwa mkono uliotoka kukamua ng'ombe.

Ukoo unataka nirithiwe na shemeji yangu Maduhu. Nilikataa mbele ya wazee. Mzee Mabula, baba mkubwa wa Jilala, ambaye neno lake ndilo la mwisho, akaniuliza, "Mwanamke akikaa peke yake na mtoto wetu, watakula nini?" Nikamjibu: kuku. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na pombe. Mabula hakucheka. Alinipa muda mpaka mwaka wa Jilala utimie, siku ya kuanua matanga mwezi wa Machi. Siku hiyo akikuta nina vifaranga vya kujaza banda, nitakaa katika nyumba ya Jilala na hakuna atakayenigusa. Akikuta banda tupu, naingia kwa Maduhu, mke wa tatu.

Kurudi kwetu Nkome ningeweza hata kesho. Lakini ng'ombe wa mahari walitoka, kwa hiyo Serafina ni wao, atabaki. Ana miaka minne. Siendi popote.

11 Novemba

Jua kali, vumbi. Maduhu amekuja kusalimia. Amepenga kamasi kwa vidole, akajifutia kwenye mwimo wa mlango wangu. Nimeusugua kwa majivu mara mbili na bado nauona.

15 Novemba

Nimepima mayai kwa mwanga wa taa. Nimetoboa tundu kwenye boksi la viatu vya Jilala, nikaweka taa ndani, nikaegesha yai tundoni. Yenye uhai yana mishipa myekundu kama mizizi ya nyasi. Kwenye kichwa kinene cha yai pana nafasi tupu, mfuko wa hewa, nikauzungushia mstari wa penseli kwenye ganda ili nione unavyokua. Kila siku maji ya yai yanapungua kidogo na mfuko unapanuka. Maelekezo yanasema hivyo. Unapaswa kupanuka kiasi gani, mende ndio wanaojua.

Mama Maige, mke mkubwa wa Maduhu, alikuja kuchungulia. Jina lake Zipora. Ananusa ugoro tangu alfajiri, na pua yake inachuruzika rangi ya kahawia mpaka mdomoni. Nywele kazipaka samli iliyochacha. Alisogeza uso karibu na mayai, nikamrudisha nyuma kwa kiwiko.

"Mayu, kuku wako yuko wapi?" akauliza; mayu kwao ni mama.

"Kuku ni hii taa."

Akatikisa kichwa, akapiga chafya. Nimefuta kioo.

19 Novemba

Mvua hakuna. Trei ya maji najaza asubuhi, mchana nakuta kavu. Nitajaza tena kesho.

24 Novemba

Maduhu amekuja na kigoda chake mwenyewe, akakiweka ndani ya nyumba yangu, akaondoka akakiacha. Nimekitoa nje. Kimelowa mafuta ya makalio yake.

30 Novemba

Sina hamu ya kuandika, lakini nilijiahidi.

Jana vifaranga vilianza kulia ndani ya maganda. Nilikaa chini na Serafina tukisikiliza, akawa anavijibu kwa sauti ndogo. Vikatoboa. Kila kimoja kikatoa ncha ya mdomo, kikapumzika, na hapo kikabaki. Tulingoja mpaka leo mchana. Nilipoona midomo haitikisiki tena nikabandua ganda moja kwa kucha. Utando wa ndani ulikuwa umekauka kama karatasi na kumgandia manyoya, hawezi kugeuka wala kusukuma. Alikufa amefungwa kama mzigo. Nikabandua la pili na la tatu. Vilevile. Mifuko ya hewa ilikuwa mikubwa kupita kiasi, karibu nusu ya yai. Viwili tu vimetoka vizima, na kimoja kina miguu iliyopinda.

Hewa ya kiangazi hiki imeyanyonya maji mayai yangu huku nikiangalia. Harufu ya gundi ya vile vitu haitoki vidoleni, na Serafina ananiuliza kwa nini nimevinyamazisha.

6 Desemba

Nimepanga mayai mapya. Safari hii hayatakauka. Trei ya maji najaza asubuhi, mchana na jioni, na chini yake nimetandika kipande cha gunia la pamba kilicholoweshwa.

9 Desemba

Mvua ya kwanza. Ardhi imenuka vizuri, kitu pekee kilichonuka vizuri hapa tangu nije.

13 Desemba

Mvua. Gunia naendelea kulilowesha.

17 Desemba

Mvua. Viatu vimeota ukungu mweupe. Chumvi imekuwa maji. Maduhu ameleta tena kigoda. Aliketi akachokonoa meno kwa jani la nyasi alilochomoa kwenye paa langu, akaniambia, "Shemeji, ukilalia mayai badala ya kuku utaota manyoya." Alichokitoa katikati ya meno alikitazama, kisha akakila.

20 Desemba

Yai moja limepasuka lenyewe ndani ya mashine. Viza. Majimaji ya kijani yamewarukia wenzake. Nimetapika nje, nikarudi, nikasafisha, nikatapika tena. Mama Maige alipita akasema anasikia harufu ya ng'ombe aliyekufa. Yeye, mwenye pua ile, alisikia harufu.

25 Desemba

Misa ya Noeli misheni. Nimeomba jambo moja tu.

28 Desemba

Havikulia hata kidogo. Nilingoja siku moja zaidi kisha nikavunja. Vilikuwa vimejaa, vimevimba, vya kuteleza, vimelala ndani ya maji yao. Mifuko ya hewa haikukua kupita mstari wangu wa kwanza wa penseli. Vifaranga vikubwa vya kutosha kutoka, lakini vilipotaka kuvuta pumzi ya kwanza havikupata hewa. Vilivuta maji. Vimezama ndani ya mayai, ndani ya nyumba, ndani ya kabati lenye taa.

Nilichimba shimo mbali na kisima. Maduhu alisimama akitazama, mikono mgongoni, akicheka kidogo kidogo puani. "Machi si mbali," akasema. Natamani ningemwacha auone uso wangu, lakini nilikuwa nimeinamia shimo, nikaona miguu yake tu, na kucha ndefu zilizojaa mavi ya ng'ombe.

3 Januari 1954

Nimeweka mezani ganda la Novemba na ganda la Desemba, nikayatazama asubuhi nzima. La Novemba mstari wa hewa umeshuka mpaka katikati. La Desemba haukushuka kabisa. Sasa naelewa, na najichukia kwa kuelewa nikiwa nimechelewa. Kiangazi kiliniua mara moja, nikaogopa, nikaendelea kukipiga vita wakati kilikwisha kuondoka. Mvua ilikuwa imejaza hewa maji, nami nikaongeza trei na gunia juu yake. Yai linatakiwa kupumua maji yake nje polepole, yasitoke yote, wala yasibaki yote. Wakati wa mvua trei iwe tupu na matundu ya mashine yawe wazi. Siku tatu za mwisho tu, kifaranga kinapojiandaa kutoboa, ndipo hewa ilainike ili utando usimgandie.

Ni jambo dogo. Limenigharimu maisha mengi madogo na karibu litanigharimu yangu.

10 Januari

Hakuna anayetaka kunipa mayai. Wanasema mashine inakula roho za kuku. Nitakwenda mbali zaidi.

31 Januari

Mwezi mzima natembea vijiji vya njia ya mgodini, nabadilisha khanga zangu kwa mayai. Imebaki moja, ninayovaa. Onesmo, mpishi wa hospitali ya mgodini na rafiki wa Jilala, amenipa mayai ya banda lake bure. Alinishika mkono kwa mkono safi. Nilikaribia kulia kwa ajili ya kucha zake tu.

14 Februari

Nimepanga. Trei ya maji tupu, imekaushwa kwa kitambaa. Matundu yote wazi. Haya ni ya mwisho.

18 Februari

Mvua. Nawasha makaa kwenye kigae chumbani kila asubuhi kukausha hewa.

21 Februari

Nimepima kwa taa. Mishipa mizuri. Mfuko wa hewa umeshuka chini ya mstari wa kwanza, taratibu. Nimechora wa pili.

25 Februari



Asubuhi nilikwenda mgodini kutafuta mafuta ya taa, maana dukani hapa yalikwisha. Serafina nilimwacha kwa mama mkwe. Nimerudi alasiri na mvua mgongoni. Nilipofungua mlango pumzi ya nyumba ilinipiga usoni, nzito, ya moto, ya mavi ya ng'ombe na udongo uliolowa. Kuta zote zimesiribwa upya. Sakafu imepakwa. Hata chini ya mashine wamepaka, na udongo umetambaa kwenye miguu yake. Madirisha yote mawili yamezibwa kwa magunia ili udongo usikauke haraka ukapasuka. Maji yanatiririka ukutani. Juu ya kioo cha mashine pana matone makubwa, na ndani pia.

Wanawake walikuwa nje wananawa mikono, wanacheka, wamechoka. Mbele yao Mama Maige, udongo mpaka mabegani.

"Mwadila, mayu," akanisalimia. "Nyumba imependeza?"

Nikamuuliza nani kawatuma.

"Maduhu. Kasema matanga yanakaribia, wageni watakuja, nyumba ya mfiwa lazima isiribwe. Ndiyo desturi."

Ni desturi kweli, ndiyo iliyonichafua zaidi. Nyumba ya mjane husiribwa matanga yakianuliwa, ikiwa mbichi na mpya, ndipo mwanamume mpya aingie. Maduhu hakuwa na haja ya kuvunja yai hata moja. Alifuata adabu tu. Sidhani hata anajua kilichomo ndani ya yai. Alitaka kitanda chake kiandaliwe, na kwa kukiandaa ameyazamisha mayai yangu.

Nilipiga magunia yale teke yakaanguka. Nilisema maneno ambayo padre hatayasikia. Nilimwambia Mama Maige kwamba ananuka, kwamba pua yake inanitia kichefuchefu, na kwamba kama angekuwa na akili ya kuku asingeziba dirisha penye mashine inayopumua. Wanawake wengine wakaondoka mmoja mmoja. Yeye alisimama, akatoa kikopo chake cha ugoro, akanusa upande mmoja, akanusa upande wa pili.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Mayai yakiharibika, unakuja kwetu?"

"Ndiyo."

"Uwe mke wa Maduhu."

"Ndiyo."

Alifikiri. Kisha akasema neno ambalo nitalikumbuka, "Mayu, unadhani nakutaka? Yule mdogo niliye naye ananitosha kwa kelele. Niongezewe na wewe unayeosha kikombe kimoja mara mbili?"

Nikaona jambo ambalo sikulifikiria tangu Novemba. Nilikuwa nikidhani ananichungulia ili apeleke habari kwa mumewe.

"Wapi pakavu?" akauliza.

Pakavu ni mahali pamoja tu katika boma lote: jikoni kwake, ambapo moto hauzimwi na paa limekuwa jeusi kwa miaka. Tuliyavika mayai blanketi la Jilala, tukabeba mashine, yeye mbele mimi nyuma, tukikanyaga matope. Alinusa ugoro njiani bila kushika kwa mikono miwili, mashine ikayumba, nikafumba macho.

26 Februari

Jikoni kwa Mama Maige. Mende, moshi, ngozi mbichi ya mbuzi ukutani, mifupa chini. Nimeweka mashine mbali na moshi, karibu na mlango wa nyuma. Hewa ni kavu. Nimemwomba asinuse ugoro karibu na mayai. Amesogea hatua moja.

1 Machi

Mfuko wa hewa umeanza kushuka tena. Nimechora mstari wa tatu. Mama Maige ameomba atazame kupitia boksi. "Linacheza," akasema.

2 Machi

Maduhu ameuliza kwa nini jikoni kwake pana kabati la mzungu. Mkewe kamwambia kuna mvua. Akaridhika. Anaridhika haraka, na hilo nalo linanichukiza.

4 Machi

Zimebaki siku tatu, na sasa nyumba hii inaweza kunikaushia kama Novemba. Nimejaza trei maji ya vuguvugu na kuziba nusu ya matundu. Nikamwambia Mama Maige jikoni panahitaji mvuke. Akaweka chungu kikubwa cha makande, asubuhi mpaka jioni, bila mfuniko. Boma zima limekula makande. Maduhu kalalamika tumbo.

7 Machi, Jumapili

Sikwenda misa. Tangu alfajiri vinalia. Kimoja kimetoboa, kikazunguka, kikakata ganda pande zote kama kofia, kikasukuma. Kikatoka, kimelowa, kibaya, kama kitu kilichotemwa. Baada ya saa moja kilikuwa kimekauka, cha manjano, na kinamdonoa Mama Maige kidole. Kisha vingine. Kisha sikuweza kuvifuata tena. Trei nzima ilikuwa inatembea. Vichache vimefia ndani, vichache sana. Mama Maige alikuwa anavipokea kwa mikono ile ile, na kamasi likamdondoka karibu na kimoja. Nililifuta kwa ukingo wa khanga yangu ya mwisho.

13 Machi

Matanga yameanuliwa. Watu wengi, pombe nyingi, mvua ya rasharasha.

Mzee Mabula alikuja moja kwa moja kwenye banda langu, akalikuta tupu, maana vifaranga bado viko jikoni penye joto. Akanitazama. Nikampeleka jikoni na wazee wakafuata, Maduhu akiwa wa mwisho. Mabula aliinama, akavitazama vinavyojazana kuzunguka kigae cha makaa. Akatoa sauti puani ambayo kwa mtu mwingine ingekuwa kicheko.

Ndipo Maduhu akasogea mbele. Sikuwa nimelitegemea lile.

"Baba mkubwa, tuseme ukweli. Vimezaliwa wapi? Jikoni kwangu. Kuni zangu, moto wangu, paa langu. Mimi ndiye mwenye boma. Huyu ameleta mayai. Mayai na vifaranga ni vitu viwili. Banda lake liko wapi? Ni tupu, umeliona."

Wazee wakaanza kunong'ona, na sikupenda walivyonong'ona. Mmoja akasema Maduhu ana hoja. Nilimshika Serafina begani nikahisi mfupa wake mdogo.

Mama Maige alikuwa amechuchumaa penye mafiga. Hakuinuka.

"Baba Mabula, naomba kuuliza," akasema. "Ng'ombe wa boma hili ni wa nani?"

"Wa Maduhu," Mabula akajibu.

"Sijawahi kumuuliza ni wangapi. Si kazi yangu. Na kuku ni wa nani?"

Mabula akavitazama tena vifaranga. "Kuku ni wa jikoni."

"Jikoni ni kwangu. Kuni nimekata mimi. Moto nauwasha mimi. Sasa naona mwanamume mwenye ng'ombe ameingia jikoni mbele ya wazee anadai kuku." Akafuta pua kwa kiganja. "Labda ng'ombe wamekwisha, sikuambiwa."

Mzee mmoja alianza kucheka, kisha wote. Mabula alimgeukia Maduhu, akamuuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, ni kweli unadai kuku?"

Uso wa Maduhu ulikuwa umevimba. Alisema alikuwa anauliza tu. Akatoka nje kutazama mvua.

"Zipora, vifaranga vya jikoni kwako unampa nani?" Mabula akauliza.

"Nampa mwenye mayai."

"Basi mama Serafina ana banda. Atakaa katika nyumba ya Jilala na mtoto wake. Mwenye neno alitoe sasa." Hakuna aliyelitoa.

14 Machi

Nimevihamishia kwangu. Kuta zimekauka, nimefungua madirisha yote.

Jioni Mama Maige alikuja. Nilimpa kiti cha Jilala na chai ndani ya kikombe changu mwenyewe. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba, halifunguki vizuri. Nikamuuliza kama ni Maduhu. Akasema nani mwingine. Nilimwambia achukue vifaranga, nusu, anavyotaka. Akachagua viwili, akavitia kifuani ndani ya nguo.

Nikamuuliza kwa nini alifanya vile akijua atapigwa. Nilitarajia arudie lile la kikombe kuoshwa mara mbili.

"Maige si mtoto wa Maduhu," akasema. "Ni wa kaka yao mkubwa, yeye na Jilala. Alikufa kabla wewe hujaolewa. Mimi pia niliomba mwaka mmoja, wakanipa. Nikalima karanga, shamba kubwa, mpaka pale kwenye mawe. Mwaka ule mvua haikukatika. Nilipong'oa zilikuwa zimeota ardhini, zinanuka. Mabula akaja, akatazama, akaondoka bila kusema. Jioni ile nikahamishiwa kwa Maduhu."

"Hukukimbilia kwenu?"

"Na Maige?"

Nilimwongezea chai. Alimaliza chai, akafuta pua kwa kiganja, akainuka taratibu kwa ajili ya vile vilivyokuwa kifuani. Maduhu alikuwa ameita mara mbili, anataka ugali wake.